Mheshimiwa Yuko Nyumbani Hadi Februari: Muulize



Bunge limefunga na waheshimiwa wetu wamerudi. Kama uko Kakamega Desemba hii ya 2024 huhitaji kuambiwa na mtu. Umewaona kwenye matanga ya Jumamosi, kwenye fainali za mpira wa vijijini, kwenye harambee za kanisa na za msikiti, kwenye uwanja wa fahali kule Ikolomani na Shinyalu. Magari yanafuatana, vumbi linapanda, na kipaza sauti kikishikwa hakiachiliwi. Huu ndio msimu wa mbunge kutueleza mwaka ulivyokuwa.

Nimesikiliza hotuba kadhaa mwezi huu, na ukizisikiliza tatu utaweza kuitoa ya nne wewe mwenyewe. Kwanza siasa za taifa: nani ameingia serikali jumuishi na nani ametupwa nje, Rigathi Gachagua alikosea wapi, Raila Odinga atakipata kile kiti cha Umoja wa Afrika mwezi wa Februari au hatakipata, na Mluhya atakuwa wapi 2027. Hapo vigelegele vinapigwa. Kisha inakuja sehemu ya nyumbani: darasa lililojengwa, lami iliyofika mahali fulani, waliopata basari. Wazee wanatikisa vichwa kukubali. Halafu unga unagawanywa na watu wanatawanyika.

Kinachonisumbua ni kwamba hizo sehemu mbili hazikutani. Muulize mheshimiwa kuhusu jambo la taifa, anageuka kuwa mtu wa kijiji: "Mimi ni mmoja tu kati ya wabunge 349, nitafanya nini peke yangu?" Muulize jambo la kijiji, anageuka kuwa mtu wa Nairobi: hospitali ni ya gavana, barabara ile ni ya kaunti, chekechea ni za kaunti, yeye kazi yake ni sheria. Na sheria umeshaambiwa yeye ni mmoja tu. Kwa hiyo ukimtafuta Nairobi yuko kijijini, ukimtafuta kijijini yuko Nairobi. Mwaka unaisha, na hakuna mahali popote ambapo amesimama akajibu.

Leo nataka tuziunganishe hizo sehemu mbili, kwa sababu mambo yanayomgusa kijana Mwislamu wa Mumias, wa Matungu au wa hapa Lurambi, mengi yake hayatengenezwi kwa unga. Yanatengenezwa au kuharibiwa kwa kura bungeni. Katiba, kifungu cha 95, inasema kazi ya Bunge la Taifa ni kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa pesa za umma na kuichunguza serikali. Soma kifungu chote. Unga haumo, na zulia la msikiti halimo.

Tuanze na kura, maana mwaka huu kura zimekuwa na damu. Tarehe 20 Juni Mswada wa Fedha wa 2024 ulisomwa mara ya pili: 204 walisema ndiyo, 115 wakasema hapana. Tarehe 25 Juni ukapita hatua ya mwisho kwa kura 195 dhidi ya 106, na mchana huo huo vijana wakaingia Bunge na risasi zikapigwa. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, imehesabu vifo visivyopungua 60 katika maandamano ya mwaka huu. Hapa kwetu pia vijana waliingia barabarani, Wakristo na Waislamu, wengine wamebeba bendera na chupa ya maji, basi.

Kaunti yetu ina maeneobunge 12: Lugari, Likuyani, Malava, Lurambi, Navakholo, Mumias Magharibi, Mumias Mashariki, Matungu, Butere, Khwisero, Shinyalu na Ikolomani. Ongeza Mwakilishi wa Wanawake. Hao ni watu 13 katika Bunge la Taifa kwa niaba ya Kakamega. Majina ya waliosema ndiyo na waliosema hapana yalichapishwa, na kumbukumbu za Bunge, ile Hansard, ziko wazi kwa kila mtu mwenye simu. Sitakuandikia hapa nani alipiga vipi. Litafute jina la mbunge wako mwenyewe, usitegemee picha zinazosambazwa, kwa sababu mwezi wa sita nilikutana na orodha tatu tofauti na zote hazikufanana. Ukishalijua, hotuba yake ya Desemba utaisikia kwa masikio mengine. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayesema "nilisimama na vijana" na mtu aliyesimama nao kweli siku ya kura.

Halafu ikaja Oktoba. Hoja ya kumtimua Naibu Rais iliwasilishwa tarehe 1. Tarehe 8 ikapita kwa kura 282 dhidi ya 44. Tarehe 17 Seneti ikamaliza kazi. Siku 17, ukiweka na vikao vya kusikiliza wananchi katika kaunti zote 47. Sina haja ya kumtetea Gachagua, hilo si letu leo. Ninachotaka ukione ni mwendo. Hawa watu wakitaka jambo wanakimbia.

Sasa linganisha. Katiba, kifungu cha 104, inampa mpiga kura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wake kabla ya muhula kuisha. Sheria iliyotakiwa kueleza jinsi ya kufanya hivyo iliangushwa na Mahakama Kuu mwaka 2017 kwa sababu ilikuwa imewekewa masharti yanayoifanya haki hiyo isiwezekane. Miaka saba imepita, Bunge halijairekebisha. Na hata ingerekebishwa, kufikia mwisho wa 2024 Tume ya Uchaguzi ilikuwa haina makamishna tangu mwanzoni mwa 2023. Waulize ndugu zetu wa Banissa, kaunti ya Mandera. Mbunge wao alifariki Machi 2023, na kufikia mwisho wa 2024 hakukuwa na uchaguzi mdogo uliofanyika. Eneobunge zima la Waislamu limepitisha Mswada wa Fedha, kutimuliwa kwa Naibu Rais na bajeti ya mwaka huu bila kuwa na hata kura moja. Nani hapa Kakamega ameliongelea hilo kwenye hotuba yake? Sijasikia.

Mtu atasema: mbunge mmoja kweli hawezi kitu. Hapana, anaweza, na ushahidi uko hapa hapa kwetu. Mwezi wa Novemba mwaka huu Rais alitia sahihi Sheria ya Sukari. Inarudisha Bodi ya Sukari na kuweka ushuru wa asilimia 4 kwa ajili ya kuendeleza zao hilo. Mswada ule, wa mwaka 2022, haukutoka serikalini. Ulipelekwa na mbunge mmoja wa Kakamega, Emmanuel Wangwe wa Navakholo. Ulichukua miaka miwili, ukapita Bunge la Taifa, ukapita Seneti, ukafika Ikulu. Anastahili sifa yake, nampa bila kinyongo, hata kama mkulima wa miwa bado atangoja aone kama pesa zitamfikia. Sisi tuliozaliwa tukisikia king'ora cha kiwanda cha Mumias, tukashuhudia kampuni inawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 na baadaye kukodishwa huku kesi zikipishana kortini, tunajua maana ya sheria nzuri kuchelewa.

Lakini mswada huo umevunja kisingizio. Mbunge mmoja kutoka kaunti hii alikaa na jambo la nyumbani, akaliandika, akalibeba miaka miwili, likawa sheria ya taifa. Hapo Nairobi na kijiji vilikutana. Kwa hiyo mwingine akikuambia "mimi ni mmoja tu," mjibu kwa heshima kwamba Wangwe naye ni mmoja.

Nitaeleza sasa kitu ambacho wengi wa dada zetu wanakijua kuliko mimi. Shule nyingi za umma katika kaunti hii zina udhamini wa kanisa. Hilo si kosa, makanisa yalijenga shule wakati serikali haikuwa na habari nasi, na wengi wetu tumesoma humo na kufaulu. Shida inaanza Januari, msichana wa kidato cha kwanza anapofika langoni na mtandio wake. Shule moja inamruhusu, ya jirani inamwambia auvue, ya tatu inamruhusu muhula wa kwanza na kumkataza wa pili kwa sababu mwalimu mkuu amebadilishwa. Mzazi anaenda kwa imamu, imamu anaenda kwa mheshimiwa, mheshimiwa anapiga simu. Mtoto mmoja anaingia darasani, na mheshimiwa anahesabiwa kuwa rafiki wa Waislamu. Mwaka ujao simu nyingine.

Kwa nini iwe simu? Kwa sababu hakuna sheria inayosema wazi. Kesi ya hijabu iliyotoka Isiolo, kati ya Kanisa la Methodist na Tume ya Kuajiri Walimu, ilipanda mpaka juu. Mahakama Kuu iliikataa hijabu mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ikairuhusu mwaka 2016, na tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Upeo ikauondoa uamuzi huo wa Rufaa. Wengi walitoka pale wakidhani mahakama imepiga hijabu marufuku. Haikufanya hivyo. Iliangusha dai lile kwa sababu ya jinsi lilivyoingizwa kwenye kesi, na swali lenyewe likabaki linaning'inia. Kifungu cha 32 cha Katiba kipo, kinasema mtu asinyimwe kuingia katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo ipo, sehemu ya 27, inampa mdhamini kazi ya kulea mambo ya kiroho shuleni huku akilinda imani za wengine. Lakini neno "kulinda" bila maelezo kila mwalimu mkuu analitafsiri kwa namna yake.

Marekebisho ya aya moja katika sheria hiyo yangemaliza mchezo wa simu. Na hayahitaji bajeti. Mswada unaogusa pesa una safari yake ndefu kwenye kamati ya bajeti, huu haugusi hata shilingi. Sasa ndugu yangu, kama mswada wa sukari, wenye ushuru, bodi na viwanda ndani yake, ulichukua miaka miwili, wa mtandio ungechukua muda gani? Miaka mitano tangu uamuzi wa 2019 imepita. Kila eneobunge lenye Waislamu Kenya hii limekuwa na mbunge, na simu zinaendelea.

Nafikiri najua sababu, na si chuki. Simu inampa mbunge kitu ambacho sheria haimpi. Ukisaidiwa kwa simu unakuwa na deni kwake. Ukilindwa na sheria huna deni kwa mtu. Ndivyo ilivyo na basari pia. Pesa za NG-CDF ni zako, zinatoka kwenye kodi, lakini hundi inakabidhiwa mbele ya kamera kana kwamba zimetoka mfukoni mwa mtu. Mahakama Kuu ilisema tarehe 20 Septemba mwaka huu kwamba mfuko huo unakiuka Katiba na usimame tarehe 30 Juni 2026. Utasikia waheshimiwa wakilia juu ya hilo Desemba nzima, watakuambia watoto wa maskini watafukuzwa shule. Hofu hiyo ni ya kweli kwa wazazi, siichezei, mimi mwenyewe diploma yangu ilipitia kwenye basari. Lakini uliza: kama lengo ni mtoto asome, kwa nini karo isipunguzwe moja kwa moja shuleni badala ya kupitia ofisi ya mwanasiasa?

Na wale mlioko MMUST na vyuo vya ufundi mnalo lenu. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Najua vijana walioacha kuomba kwa sababu ya neno hilo moja, na ninajua wengine walioomba huku roho ikiwasuta. Masheikh watawaambia hukumu yake, si kazi yangu. Mimi nasema tu kwamba bodi ile inaendeshwa kwa sheria ya 1995, na sheria iliyoandikwa na Bunge Bunge linaweza kuiandika tena, ikaweka ada ya usimamizi inayojulikana mapema pale palipo na riba. Tarehe 20 mwezi huu Mahakama Kuu imeangusha mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu. Maana yake watu wa Bunge na wizara watalazimika kukaa chini kuandika upya. Mlango uko wazi miezi michache. Tusipoingia sasa na neno letu, utafungwa na riba ikiwa ndani.

Sasa jambo zito. Nimeliacha hapa kwa makusudi kwa sababu nikilianza nalo nisingefika kwenye mengine.

Tarehe 26 Desemba, juzi tu, KNCHR ilisema tangu Juni imeandika visa 82 vya watu kutekwa, na 29 kati yao hawajulikani walipo. Wengine wamechukuliwa wiki hii ya Krismasi, vijana waliochora au kuandika kitu mtandaoni kumhusu Rais. Ijumaa, akiwa Homa Bay, Rais amesema utekaji utakomeshwa. Tunasubiri warudi, na tunawaombea, dini zao zozote.

Kwetu Waislamu neno kutekwa si geni. Miezi hii marafiki zangu Wakristo wananiuliza, "Mlikuwa mnaishije?" na ninakosa la kuwajibu. Mwaka 2007 watu walikamatwa hapa Kenya wakapelekwa kwa ndege Somalia na Ethiopia bila mahakama. Mwaka 2014 watu walirundikwa uwanja wa Kasarani. Mombasa masheikh waliuawa na hakuna aliyefungwa. Na mtu wa karibu nasi zaidi, wakili Profesa Hassan Nandwa: tarehe 28 Oktoba 2021 alikuwa na mteja wake aliyemaliza kifungo Kamiti, wote wawili wakatoweka. Nandwa alipatikana baada ya siku 11, ametupwa Mwingi, amedhoofika. Huyo ni wakili, mhadhiri, mtu wa vitabu.

Na kumbuka Desemba nyingine. Tarehe 18 Desemba 2014, miaka kumi iliyopita mwezi huu, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama huku wabunge wakirushiana makaratasi na maji ukumbini. Rais wa wakati huo akaitia sahihi siku iliyofuata, kabla ya Krismasi. Upinzani na mashirika ya haki wakaenda kortini, na tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele vinane. Lakini mtaani wengi walisema hiyo ni shida ya Wasomali na ya Waislamu wa Pwani. Hata hapa Kakamega kuna Waislamu waliosema hivyo, kwa kuwa wao ni Wawanga au Wamarama, wana majina ya Kiluhya, nani angewagusa? Leo watoto wa Embu, wasio Waislamu, wanaingizwa kwenye magari yasiyo na namba.

Kwa hiyo mheshimiwa akimaliza kukueleza siasa za taifa, muulize hivi. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Kimataifa wa kulinda watu dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu tarehe 6 Februari 2007. Haijauridhia mpaka leo, karibu miaka 18. Kuuridhia ni jambo linalopitia Bunge la Taifa. Umewahi kusimama ukauliza uko wapi? Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ilipitishwa mwaka 2017 ili maiti ikipatikana mtoni au msituni achunguze mtu ambaye si polisi. Haijaanza kufanya kazi. Umewahi kuulizia bajeti yake? Na kwenye vitabu vyetu vya sheria hakuna kosa linaloitwa kutowesha mtu. Mshtakiwa, akipatikana, atashtakiwa kwa kuteka nyara kama jambazi wa kawaida, na afisa aliyetoa amri atakaa nyumbani kwake. Utaleta mswada?

Maswali matatu. Hakuna hata moja linalohitaji awe waziri, wala awe upande wa serikali au wa upinzani. Yanahitaji tu awe mbunge.

Kuna wazee wetu misikitini watakaosema kumuuliza kiongozi mbele ya watu ni utovu wa adabu, hasa akiwa ameleta zulia. Wazee wangu, tunawaheshimu, na tumefunzwa adabu na nyinyi. Lakini nyinyi ndio mliotusimulia habari ya Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipopanda mimbari akaulizwa na mtu wa kawaida amepataje nguo ndefu kuliko fungu la kila mtu. Hakumkemea. Alimwita mwanawe Abdullah asimame aeleze kwamba alimpa baba yake fungu lake. Basi kama Umar aliulizwa juu ya nguo, sijui ni kwa hoja gani mbunge wa Kenya asiulizwe juu ya kura. Na tuulize kwa adabu kweli: hakuna kuzomea, hakuna kurusha viti. Wanaozomea wanampa nafasi ya kuondoka bila kujibu. Mwenye swali aliandike, alisome, kisha anyamaze angoje. Ukimya ukikaa dakika moja kwenye hema lililojaa watu, utaona.

Isitoshe, usimuulize mbunge Mwislamu peke yake, wala usidhani mbunge Mkristo hana wajibu kwetu. Anapiga kura kwa niaba yetu sote. Mji wa Mumias wenyewe ungemkumbusha. Misafara ya Waswahili ilipofika kwa Nabongo ilipokelewa, misikiti ikajengwa, na wakati mji wa Kakamega ulipofanywa makao makuu ya serikali mwaka 1920, yalihamishwa kutoka Mumias. Sisi si wageni waliokuja na basi la jana tukitafuta kufadhiliwa.

Kuuliza mdomo peke yake hakutoshi, kwa hiyo hapa ni kazi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni kutaka sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Huhitaji wakili. Ombi linaandikwa kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Linaeleza shida ni nini, mmejaribu kutafuta suluhu wapi, na kama jambo liko mahakamani au la. Kila anayeunga mkono anaandika jina, anwani, namba ya kitambulisho na sahihi. Linapelekwa kwa Karani wa Bunge moja kwa moja, au linabebwa na mbunge wenu. Likishasomwa linakwenda kwenye kamati, na kamati inatakiwa kujibu ndani ya siku 60.

Tunaandaa maombi mawili. La kwanza ni la aya moja kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi kuhusu mavazi ya dini shuleni, na tunataka liwe la kila dini, maana kuna watoto wa Akorino na wengine wanaovuliwa vilemba vile vile. La pili ni la kutaka mkataba ule wa 2007 uridhiwe na kosa la kutowesha watu liandikwe kwenye sheria. Kila ombi tutampelekea kwanza mbunge wa eneobunge husika, tumuombe alibebe yeye. Akikubali tutaandika hapa kwamba amekubali, na tutamshukuru kwa jina. Akikataa tutaandika kwamba amekataa na sababu aliyotoa, bila kuongeza chumvi. Asipotujibu ndani ya wiki mbili tutalituma wenyewe na kuandika kwamba hakujibu.

Dada zetu waliopatwa na shida ya hijabu, tunahitaji maelezo yenu, lakini msiandike jina la shule wala la mwalimu hapa kwenye ukurasa. Mnajua mtoto akishatajwa, anayebaki akiadhibiwa bwenini ni yeye. Tuma kwa ujumbe wa ndani, mmoja wa dada kwenye kamati yetu ndiye anayesoma, si mimi.

Rajab inaingia wiki hii inshallah, na Ramadhan iko miezi miwili mbele. Tungependa sahihi ziwe zimekamilika kabla ya Bunge kurudi Februari, kwa sababu mwezi wa kufunga kila mtu atakuwa na shughuli zake za ibada na futari. Fomu zitakuwa kwa vijana wetu kwenye milango ya misikiti baada ya Swala ya Ijumaa, kuanzia tarehe 10 Januari. Kuja na kitambulisho. Kama bado hujakichukua kwa chifu, hilo pia liulize wiki hii, mheshimiwa bado yuko nyumbani.